Simu ya Kwanza Haipigwi na Umati

Ilikuwa saa moja kasoro jioni pale Mkuyuni, Mwanza, barabara ya Kenyatta, muda ule daladala za kwenda Nyegezi zimejaa mpaka konda ananing'inia mlangoni na bodaboda wanapenya kila upenyo. Boda mmoja akagongwa na gari dogo lililokuwa linakata kuingia dukani, abiria alikuwa mama wa makamo, karushwa kaangukia ukingo wa mtaro. Ndani ya dakika mbili tulishakuwa watu kama arobaini pale na mimi nikiwa mmojawapo. Vijana wa kijiwe wamemzingira dereva wa gari wanataka kumtoa, wadada wawili wanalia, mzee mmoja anasema apewe maji, mwingine anasema asipewe, na watu kama kumi wameinua simu wanachukua video, taa za simu zinawaka utadhani tuko ukumbini kwenye harusi. Mimi nimesimama, simu mkononi, chaji ipo, salio lipo, na kichwani nina uhakika kabisa kwamba mtu ameshapiga kuomba msaada.

Hakuna aliyepiga. Robo saa nzima. Tumekuja kulijua hilo alipopita askari wa trafiki aliyekuwa anarudi kwake, akauliza, "Nani amepiga simu hapa?" tukaanza kuangaliana. Yule mama akapakiwa kwenye bajaji akiwa amekunjwa, kichwa kwenye paja la mtu asiyemjua, miguu iko nje, akakimbizwa hospitali. Alipona, namshukuru Mungu, ila mgongo unamsumbua mpaka leo na hakuna mtu anayeweza kusema ni ule mtaro au ni ile bajaji.

Toka siku ile hii ishu haijanitoka. Nimeigeuza kila upande na nimefika mahali naamini tatizo letu kubwa sio kwamba watu wa Mwanza hawana huruma, huruma ipo, watu arobaini hawasimami bure njaa inauma na kiza kinaingia. Tatizo ni kwamba simu ya kwanza ni kazi kama kazi nyingine, na kazi ambayo hajapewa mtu haifanyiki. Tunaona kama ni kitu kitakachotokea chenyewe, kama mvua.

Hili wenzetu walishalipima. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Darley na Latané, walichapisha jaribio walilofanya New York. Walimweka mwanafunzi kwenye chumba peke yake, anaongea na wenzake kwa kipaza sauti, halafu katikati ya maongezi mmoja anaanza kusikika kama ameshikwa na kifafa anaomba msaada. Mwanafunzi aliyeamini ni yeye peke yake anayesikia, asilimia 85 walitoka kwenda kutoa taarifa kabla sauti ile haijakatika. Aliyeamini kuna wengine wanne wanasikia pia, asilimia 31 tu. Kumbuka hawa ni watu wa aina moja wenye utu uleule, kilichobadilika ni idadi ya watu wanaodhani wapo. Na kitu kilichonigusa zaidi, wale ambao hawakutoka hawakuwa wametulia, walikuwa wanatetemeka, jasho linawatoka mikononi, wanahangaika. Ndo sisi wa Mkuyuni kabisa. Hatukuwa wakatili, tulikuwa wengi.

Sasa mtu ataniambia hiyo ni Marekani, huku kwetu tunaishi kijamaa. Ni kweli, na hapo ndo ninapoumia, kwa sababu huku Usukumani tulikuwa na jibu la tatizo hili kabla ya simu. Wazee wanaujua mwano. Mwano ukipigwa, yaani lile yowe la hatari, ukiusikia huulizi kama jirani naye kausikia, unatoka, na ukitoka unaupokea unaupeleka mbele ili mlima wa pili nao usikie. Asiyetoka anaulizwa kesho yake, na zama za sungusungu ungeweza kupigwa faini. Kwa hiyo mwano haukutegemea roho nzuri ya mtu mmoja mmoja, ulikuwa na utaratibu, kila sikio lina wajibu wake. Leo tuna kifaa kinachopeleka sauti mbali kuliko yowe lolote na tunakitumia kushuti video, na kesho yake hakuna anayekuuliza kwa nini hukupiga.

Nataka niongelee kwa kina sababu zinazofanya tusipige maana nadhani tunazikwepa. Nimeuliza watu wengi tu, kwenye daladala, saluni, kwenye kijiwe cha kahawa pale Mabatini ninapokaa. Jibu la kwanza karibu kila mtu ni "hata ukipiga hawaji". La pili, "sijui namba". La tatu linasemwa kwa sauti ya chini, "laini yangu imesajiliwa kwa kidole, nitaitwa polisi kutoa ushahidi". Yote matatu yana ukweli ndani yake na siwezi kuyapuuza.

Tuanze na hawaji. Mwaka juzi nyumba ya jirani yangu iliungua. Sisi tunakaa mlimani, juu ya mawe, wenyeji wanajua, ukitoka barabara ya Nyerere unapanda ngazi za mawe na vichochoro, hata toroli halifiki. Moto ulianza saa nne usiku chumba cha nyuma. Mwenye nyumba alipoona moshi alimpigia simu mdogo wake Misungwi. Mdogo wake akampigia rafiki yake ambaye ni askari. Yule askari hakuwa zamu, akampigia mwenzake wa kituoni. Wa kituoni akasema hiyo ni kazi ya faya, akawatafutia namba. Huku mtaani sisi tunamwaga maji kwa ndoo na michanga, kila mtu anajua faya wameitwa, maana tulimwona baba mwenye nyumba anaongea na simu. Simu ya kwanza kufika 114, namba ya faya, nadhani ilipigwa dakika 20 na kitu baada ya moshi wa kwanza. Gari likaja, likaishia chini barabarani kwa sababu juu halipandi, vijana wakaanza kuwatukana, mmoja akarusha jiwe. Nyumba ikaisha, pamoja na cherehani mbili za mke wake ambazo ndo zilikuwa zinalisha nyumba ile. Ukiuliza mtaani mpaka leo utaambiwa, "Faya walichelewa."

Jamani, faya hawakuchelewa peke yao. Tulichelewa sisi dakika 20 ndo wao wakaanza kuhesabiwa. Chumba chenye godoro la sponji, nguo na dari la mbao kinahitaji dakika chache tu kuwaka chote kwa pamoja, kikishafika hapo hakuna ndoo itakayokizima. Na ile lawama nyingine maarufu, kwamba wanakuja bila maji, ifanyie hesabu mwenyewe: gari lenye lita 5,000 likimwaga lita 1,000 kwa dakika, dakika ya tano limekauka na lazima likatafute maji sehemu nyingine. Lita 5,000 kwenye chumba kimoja kinachoanza kuwaka ni maji mengi sana, ila kwenye nyumba nzima iliyoshika mpaka paa ni mate. Gari ni lilelile, maji ni yaleyale, kilichotofautiana ni dakika tulizokula sisi.

Siwatetei. Kuna siku huduma inazubaa kweli, kuna simu inaita mpaka inakatika, na mimi mwenyewe nimewahi kupiga namba ya dharura nikapokelewa na mtu anaongea kama nimemkatisha usingizi. Hilo lisemwe na litengenezwe, na mimi ningetaka kila mkoa utangaze wazi kwa mwezi wamepigiwa simu ngapi na walichukua dakika ngapi kufika, tupate cha kuwabana nacho. Lakini huwezi kubana huduma ambayo hukuiita. Simu isiyopigwa haiandikwi popote, haihesabiki, hakuna mtu wa bajeti atakayeona kwamba Mabatini au Igogo kuna moto mara ngapi. Mlima wetu kwenye makaratasi unaonekana una amani.

Na mnyororo ule wa simu, ndugu wa Misungwi, rafiki wa ndugu, mwenzake huyo rafiki, huo ndo ugonjwa wenyewe. Sisi tunapigia watu, hatupigii namba. Ukitaka kiwanja unamtafuta mtu, ukitaka kitanda hospitali unamtafuta mtu, kwa hiyo siku nyumba inawaka mkono unakwenda wenyewe kwa mtu. Namba isiyo na sura tunaiona kama ukuta. Lakini kwenye dharura mambo yanageuka, mtu unayemjua yuko Misungwi, mtu usiyemjua yuko zamu na gari lina mafuta.

Sasa tuje kwenye namba maana hapo nako tunachanganyana sana. 112 ni polisi na dharura kwa ujumla. 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Zote bure, huhitaji vocha. 112 hata simu ikiwa imefungwa kwa neno la siri inapita, hata kitochi, kwa sababu imewekwa kwenye mfumo wenyewe wa simu za mkononi, kwa hiyo hata kama simu uliyoishika ni ya majeruhi na huwezi kuifungua unaweza kuitumia kuombea msaada wake. 115 ni ile ya m-mama, ya mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua karibuni na kichanga. Watu wengi hawajui kwamba mpango huu ulianza kujaribiwa huku kwetu, Sengerema, pamoja na Shinyanga, kabla ya kupelekwa nchi nzima kuanzia 2022, na ubunifu wake ni kwamba gari la wagonjwa likikosekana wanaita dereva wa kawaida wa jirani aliyekwisha kusajiliwa, analipwa na mpango, anambeba mama. Yaani mama wa kisiwani au wa kijijini kabisa ambaye zamani angebebwa kwenye baiskeli usiku, leo simu moja inaweza kumletea gari. 116 ni ya watoto, ukiona mtoto anateswa au anafanyiwa ukatili.

Watu wanalisoma lile jina la jeshi nusu. Zimamoto na Uokoaji. Mtoto ametumbukia kwenye shimo la choo, mtu amenasa ndani ya gari lililobondeka, fundi amefukiwa na kifusi, mtu kazama kwenye bwawa, hiyo yote ni 114. Nimeshuhudia watu wanakesha wanatafuta kamba ya kumtoa kijana kisimani, wanashushana wenyewe kwa wenyewe, na kisima kirefu huwa kinaua wa pili na wa tatu kwa sababu hewa ya chini ni mbovu, anashuka mzima anazimia. Wakati huo hakuna hata mmoja aliyewaza faya kwa sababu hakuna moshi.

Na kinyume chake, kupiga namba isiyo yenyewe nako kunakula muda. Ukipiga polisi kwa moto, polisi atawapigia faya, ni hatua moja imeongezeka. Sio mwisho wa dunia, kama unakumbuka 112 tu piga 112, bora namba isiyo kamili kuliko kukaa unawaza. Lakini kama unaijua ya moja kwa moja, nenda moja kwa moja. Uingereza namba yao ya 999 ilizaliwa kwenye kosa kama hilo. Novemba 1935 nyumba ya daktari mmoja mtaa wa Wimpole, London, iliwaka moto, jirani akapiga simu, akawekwa kwenye foleni ya wapiga simu wa kawaida kule mitamboni akisubiri kama mtu anayemsalimia shangazi yake. Wanawake watano walikufa. Juni 1937 wakaanzisha 999 ili simu ya dharura isipange foleni na simu za salamu. Sisi namba tumepewa tayari, hatukulazimika kuililia, tunachotakiwa ni kuiweka kichwani.

Halafu kuna kitu ambacho kinaua simu hata ikipigwa kwa wakati, nacho ni kushindwa kusema uko wapi. Sikilizeni jinsi tunavyoelekeza. "Njooni hapa Mabatini, ukifika kwa mama Neema ulizia." Mama Neema yupi? Mwanza kila mlima una mama Neema wake. Mpokeaji wa simu hakuoni, hajui unaongelea nini, na wewe unapiga kelele unakata simu unadhani umemaliza. Jaribu kusema hivi: nipo Mabatini, barabara ya Nyerere ukitokea mjini, kabla ya kituo cha daladala mkono wa kulia kuna msikiti, nyumba iko juu mlimani gari halifiki, mtu atawasubiri chini barabarani ameshika tochi, moto uko chumba kimoja, ndani kuna mtungi wa gesi, kuna bibi hatujampata, namba yangu ni hii. Haichukui nusu dakika. Umewaambia wapi, nini, nani yuko ndani, nini kinaweza kulipuka, na kwamba walete mipira mirefu. Halafu usikate mpaka yeye akwambie kata, maana anaweza kuwa na swali moja ambalo wewe hujalifikiria.

Ule mpango wa anwani za makazi wa 2022, ule uliotuletea vibao vya mitaa na namba milangoni, watu wengi waliuona kama mapambo au mbinu ya kodi. Mimi naona faida yake kubwa kuliko zote ni hii hapa. Nenda sasa hivi mlangoni kwako, soma jina la mtaa na namba ya nyumba, mfundishe na mtoto wa miaka saba. Kwangu binti yangu anaisema kama shairi, na namba 114 anaijua kabla hajamaliza jedwali la tano.

Ziwani hadithi ni ngumu zaidi. Kila mtu mzima wa Mwanza anaijua tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba imepinduka, meli bado inaelea kifudifudi, watu wanagonga kutoka ndani, wako hai. Ikatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka na meli ikazama. Walikufa zaidi ya watu 800, wengine wamelala pale makaburi ya Igoma. Siandiki hili kuwahukumu waliotoboa, walikuwa wanataka kuokoa. Naandika kwa sababu ndo mfano mchungu kuliko wote kwamba nia njema na utaalamu ni vitu viwili, na kila saa utaalamu unapokosekana, nia njema inabaki peke yake kufanya maamuzi.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka ikiwa imebakiza mita chache kufika gatini Bwisya, Ukara. Wa kwanza kufika walikuwa wananchi na wavuvi na mitumbwi yao. Usiku ulipoingia utafutaji ukasitishwa mpaka asubuhi. Zaidi ya watu 220 walipotea, na fundi mitambo wa kivuko akaja kutolewa hai siku mbili baadaye, alijificha kwenye sehemu iliyobaki na hewa. Siku mbili! Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ikaangukia ziwani Bukoba karibu kabisa na uwanja, ndani watu 43, wakafa 19, na aliyefika na kasia akahangaika na mlango ni kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, ambaye baadaye aliajiriwa na hilo hilo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ukizisoma ajali hizi mbili za mwisho pamoja unaona mtu wa kwanza ziwani siku zote ni mwenye mtumbwi. Kwa hiyo ziwani huduma sahihi ya kwanza ni boti iliyo karibu, tusidanganyane, hakuna gari la faya litakalokufuata katikati ya Ziwa Victoria. Lakini mvuvi hana oksijeni, hana mkasi wa kukata bati, hana mzamiaji, hana machela. Kwa hiyo mitumbwi ikitoka, simu itoke sekunde ileile, sio baada ya kuona tumeshindwa. Kwenye mialo ninayoifahamu, yaani pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, wengi wanampigia kwanza tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na tajiri anaanza kuuliza nyavu ziko wapi. Nasema kwa heshima ya wavuvi wote, tajiri apigiwe wa tatu. Wa kwanza ni BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, ili mitumbwi iliyopo itoke, wa pili polisi 112, tajiri atasubiri.

Na kwa nchi kavu, wewe uliyesimama pwani ukiona mtumbwi umepinduka usiondoe macho pale. Nyoosha kidole, mwachie mwenzako apige simu, wewe endelea kuangalia, kwa sababu kwenye mawimbi kichwa cha mtu ni kidogo kuliko chupa na ukigeuka kutafuta simu mfukoni ukirudisha macho humwoni tena. Wavuvi wa dagaa wanajua, usiku usio na mwezi upepo ukizima taa kinachobaki ni sauti. Ndo maana naamini kila mtumbwi ungeacha saa yake ya kurudi kwa mtu wa nchi kavu, simu ifungwe kwenye nailoni mbili, na saa ikipita aliyebaki asisubiri kuche.

Kuhusu ile hofu ya polisi, ya kuitwa shahidi, ya kuambiwa wewe ndo umegonga. Naielewa, na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, imetutisha miaka mingi, watu wanaamini majeruhi bila PF3 haguswi. Serikali imeshasema mara nyingi kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, fomu itafuata, kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuzuia mlangoni kwa ajili ya karatasi huku damu inachuruzika, muulize jina lake na umwombe mkuu wake, usirudi nyuma. Na kupiga simu sio kutoa ushahidi mahakamani. Mkiogopa wote arobaini, basi yule mama wa mtaroni amehukumiwa na hofu ya watu arobaini. Wenye mamlaka nao wajue, kila mara msamaria anapolazwa benchi kituoni kwa masaa, watu mia wanaosikia habari ile wanajifunza kutopiga.

Huku unasubiri kuna mambo machache. Damu inayotoka kwa kasi haisubiri mtu, ibane kwa kitambaa kwa nguvu na usiachie kila dakika kuangalia kama imeacha. Aliyeanguka vibaya usimkunje, usimketishe, usimvute kwa mkono, kama hayuko kwenye moto au katikati ya magari mwache alivyo mtu amshikie kichwa kisitikisike. Waya wa umeme ukikatika, hasa mvua hizi zinapoanza, usimguse aliyenaswa, weka watu mbali na piga TANESCO na 114. Na kama ni lori la mafuta, ondoka kwanza, piga ukiwa mbali. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa sababu lori lilipopinduka watu walikimbilia madumu. Pale hata simu mia zisingesaidia mtu aliyesimama juu ya petroli.

Na wale wanaopiga 114 kwa utani, watoto na watu wazima, mnajua wenyewe. Gari moja likienda Buhongwa kwa uongo, likirudi limekwama foleni ya jioni, moto wa kweli uko Kirumba. Mzazi ambaye mtoto wake anachezea namba hii akae naye chini aongee naye leo.

Kitu kimoja kimebadilika kwangu. Sasa hivi nikifika kwenye tukio kuna watu sisemi tena "jamani pigeni simu". Hiyo ndo sentensi inayoua, inamwambia kila mtu na haimwambii mtu. Namnyooshea kidole mmoja, "Kaka mwenye shati la bluu, wewe, piga 112 sasa hivi, niambie wamesema nini." Nimefanya hivyo Buzuruga mwezi uliopita, kijana mwenye tisheti ya mpira aligonga nguzo na pikipiki. Yule kaka niliyemnyooshea kidole alishtuka, akapiga, akaanza kujikanyaga kueleza, konda wa daladala aliyesimama pembeni akamsaidia kutaja kituo. Nikamwambia dada mmoja asimame barabarani ampokee askari. Mwingine nikampa kazi ya kuzuia watu wa video. Watu wakapata shughuli na cha ajabu wakatulia, hata wale waliokuwa wanataka kumpiga dereva wa lori lililokuwa limeegeshwa vibaya walijikuta wanasukuma watu nyuma wapate nafasi. Polisi walifika na pikapu, dakika kumi na mbili, nilihesabu.

Wiki iliyopita nilienda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Pale chini ngazi zinapoanzia kuna jiwe kubwa sana, kila mtu anayepanda mlimani kwetu analipita asubuhi na jioni, na upande wa barabarani limechorwa tangazo la rangi lililofifia siku nyingi. Nikamwomba tuandike pale 114 na 112, na chini yake jina la mtaa wetu jinsi lilivyo kwenye kibao, ili anayepiga simu akiwa na kiwewe alisome tu. Akanyamaza kidogo, akauliza rangi nani ananunua. Mke wa yule jirani aliyeunguliwa alikuwa kakaa pale barazani anasubiri barua yake ya utambulisho. Akasema kopo moja jeupe analo, lilibaki wakati wanapaka nyumba mpya. Tumekubaliana Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla jua halijapiga lile jiwe.